Ukurasa wa 2117

Novemba 11

Kwa miaka ishirini na sita nimeandika tarehe za watu wengine. Tarehe waliyoanguka, tarehe waliyoshonwa, tarehe waliyomwambia daktari kwamba mgongo umepona, kisha tarehe waliyomwambia wakili kwamba haujapona. Leo nimenunua daftari hili kwa ajili ya tarehe zangu mwenyewe, nikakaa nalo mezani jikoni nusu saa nzima bila kuwa na la kuandika. Basi niandike hali ya hewa. Theluji ya kwanza imeanguka hapa Erie, mji wetu wa kando ya ziwa, nyembamba, na imeyeyuka kabla ya saa sita mchana.

Naitwa Lorraine Kubiak. Sijui namwambia nani.

Novemba 12

Hakuna theluji. Supu ya kopo.

Novemba 14

Inchi mbili za theluji. Warren amenipa kesi mpya.

Warren Haas ni wakili ninayemfanyia kazi. Ofisi yetu inawatetea wanaodaiwa: mtu akiteleza dukani, au akigongwa na gari la kampuni, akafungua kesi, kampuni ya bima ya huyo mdaiwa inatuajiri sisi. Mimi si wakili, ni msaidizi wa wakili. Wao wanasimama mbele ya jaji na suti zao, mimi nasoma.

Mdai safari hii ni Verna Dudek, miaka sitini na mitatu, mpishi mstaafu wa shule. Februari mwaka jana aliteleza kwenye maegesho ya duka la vyakula la Pfeiffer, akavunjika nyonga na kupata ufa kwenye mbavu mbili. Sheria ya Pennsylvania haimlaumu mwenye duka kwa barafu iliyotandaa mji mzima. Inamlaumu akiiacha ikae mpaka ifanye vilima na matuta. Kwa hiyo kesi nzima ni matuta: yalikuwapo au hayakuwapo.

Wakili wa Verna ni Pat Ferrante, na msaidizi wake ni Gina, ambaye tumeongea kwa simu miaka kumi na tano na kuonana labda mara sita. Majalada ya hospitali ya Verna yamefika kwetu: kurasa 4,312. Kila ukurasa naugonga namba kwenye kona ya chini, kisha nakala yenye namba zile zile inakwenda kwa Pat. Baada ya hapo mimi nazisoma moja baada ya nyingine na kutengeneza orodha ya tarehe, ili Warren ajue maisha ya Verna bila kujichosha.

Novemba 20

Inchi nne usiku kucha. Nimesoma hadi ukurasa wa 611.

Namjua sasa. Penisilini inamvimbisha midomo. Anaogopa lifti, mara tatu wauguzi wameandika kwamba alipanda ngazi hadi orofa ya nne. Ana paka anayeitwa Commodore, maana alimwambia tabibu wa viungo kwamba paka ndiye anayemwamsha kufanya mazoezi. Mumewe Stan alifariki miaka sita iliyopita. Kwenye fomu za zamani, pale penye mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura, pameandikwa Stan. Kwenye ukurasa wa 388 jina la Stan limekatwa, na kutoka hapo kuna kistari tu.

Mimi huandika jina la dada yangu Joanne, aliyeko Arizona, safari ya siku tatu kwa gari. Ni kistari chenye jina.

Novemba 28

Sikukuu ya Shukrani. Joanne alipiga simu, akauliza ninakula nini, nikamwambia bata mzinga, kama kila mtu leo. Ilikuwa sandwichi.

Desemba 3

Upepo kutoka ziwani, baridi ya kukata masikio. Ukurasa wa 1640, nanukuu: "Kipimo cha utumbo kimeahirishwa. Mgonjwa amefika peke yake. Hana mtu wa kumrudisha nyumbani."

Nilisimama kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi. Watu wa kliniki wanakulaza kwa dawa, na hawakuachii utoke bila mtu mzima anayekufahamu, aje mwenyewe, atie sahihi. Dereva wa teksi hahesabiki. Mei mwaka huu walinirudisha mimi nikiwa nimeshavaa gauni lao. Niliwaambia jirani yangu yuko njiani. Jirani yangu simjui hata jina, na nadhani yule muuguzi alilijua hilo kabla yangu. Nilivaa nguo zangu nikaendesha gari kurudi nyumbani, nikiwa nimefunga kula siku nzima, nikanunua donati mbili nikazila ndani ya gari huku nalia kama mtoto.

Kwa hiyo tuko wawili. Sikupaswa kufurahi, lakini nilifurahi kidogo.

Desemba 6

Nataka hili liandikwe vizuri.

Ukurasa wa 2117 ni ripoti ya picha ya kifua aliyopigwa Verna siku ile aliyoanguka. Hospitali siitaji, hata humu. Mistari ya juu inaeleza mbavu, na kila mtu aliyeishika ripoti hiyo alizitaka mbavu. Mstari wa mwisho kabisa unasema: pafu la kulia, upande wa juu, doa la milimita tisa, inashauriwa picha irudiwe baada ya miezi mitatu.

Nikasoma mbele kutafuta hiyo picha ya pili. Nilisoma mpaka 4,312. Haipo. Nikarudi nyuma kuona ripoti ilipelekwa kwa nani. Ilipelekwa kwa daktari wake wa familia, na ukurasa wa 902 unaonyesha daktari huyo alistaafu miezi miwili kabla. Ilikwenda kwenye ofisi iliyofungwa. Verna hajaambiwa. Kwenye fomu za baadaye, kila anapoulizwa kama ana tatizo la mapafu, anatia alama ya hapana, kwa mwandiko wake wa mpishi, mkubwa na wa haraka.

Miezi mitatu. Leo ni miezi ishirini na miwili. Madaktari wamesoma kila mmoja kipande chake. Duniani mtu aliyezisoma kurasa zote kwa mpangilio ni mmoja, na ndiye huyo huyo ambaye kanuni zinamkataza kufungua mdomo mbele ya Verna Dudek. Mtu mwenye wakili, sisi wa upande wa pili hatumgusi. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalokufundisha kwenye kazi hii.

Desemba 9

Inchi sita. Nilimsubiri Warren mpaka akavua viatu vya theluji.

"Una dakika?"

"Kwa ajili yako ninazo mbili."

Nikamwekea ukurasa mezani. Aliusoma, akavua miwani.

"Daktari tuliyemwajiri sisi ndiye aliyeliona hili?"

"La, hospitali. Pat na Gina wana ukurasa huo huo, namba ile ile."

"Basi si siri. Wanao."

"Wanao kama wewe ulivyo na Biblia, Warren. Ipo kabatini."

Alicheka, kisha akaacha. "Hatulipwi kuwasomea makaratasi yao."

"Anaweza kufa huyu."

"Anaweza asife. Wewe si daktari, na mimi si daktari." Akageukia dirishani, akatazama gari la kusukuma theluji likipita mtaa wa State kama hajawahi kuliona. "Ngoja niwaulize watu wa bima. Nipe siku chache."

Warren ni mtu mwema. Mama alipofariki alifunga ofisi na kunipeleka makaburini kwa gari lake. Nina imani naye.

Desemba 13

Wa bima wamejibu. Warren alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Tusubiri mpaka kesi iishe. Akisikia sasa ataomba kesi iahirishwe, na wale raia kumi na wawili watakaoamua watamwonea huruma."

"Kesi itaisha lini?"

"Usuluhishi ni Machi. Isipoishia hapo, vuli."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria inaniruhusu kusema. Hainilazimishi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nina mteja, Lorraine."

Nilirudi mezani kwangu nikagonga namba kwenye makaratasi ya kesi nyingine. Nina umri wa miaka hamsini na nane. Bima yangu ya afya inatoka kwenye kazi hii, nyumba yangu inatoka kwenye kazi hii, na watu pekee wanaonisalimia kwa jina wako kwenye kazi hii. Naogopa. Afadhali niandike hivyo hivyo kuliko kuzungukazunguka.

Desemba 24

Mama alituzoesha mkesha wa Krismasi kuweka sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa, kama walivyofanya kwao Poland. Niliweka sahani mbili. Moja ilikuwa yangu.

Desemba 25

Theluji.

Desemba 26

Theluji. Inchi kumi na nne. Nilitoa theluji mlangoni kwa koleo mara tatu ingawa hapakuwa na wa kuingia.

Januari 8

Nimemwota akikohoa. Sauti yake siijui, kwa hiyo alikohoa kwa sauti ya mama.

Januari 15

Nimefanya jambo.

Gina aliomba kwa barua pepe nakala sita: kandarasi ya mtu aliyekuwa akisukuma theluji pale Pfeiffer, picha za maegesho, na kadhalika. Nilimtumia sita. Ya saba niliibandika chini yake: orodha yangu ya tarehe, kurasa thelathini na moja, iliyoandikwa juu "Siri ya Ofisi". Orodha hiyo ni ya Warren peke yake na haitoki nje ya mlango wetu. Mstari wa ukurasa wa 2117 nilikuwa nimeuandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa.

Wasaidizi hukosea hivi. Mmoja wa ofisi ya jirani aliwahi kuwatumia wapinzani barua za mteja kwa sababu majina ya faili yalifanana. Mimi sijawahi, lakini kila jambo lina siku yake ya kwanza. Nilibonyeza kutuma saa nne na dakika kumi asubuhi, mikono ikatulia ajabu, nikala chakula chote cha mchana.

Januari 16

Gina alipiga simu kabla sijavua koti.

"Lorraine, mpenzi, unazeeka au umependa mtu?"

"Kwa nini?"

"Umetutumia orodha yenu nzima ya siri! Niliona maneno ya juu tu, nikaifunga haraka kama nimemfumania mtu bafuni. Pat akanisimamia mpaka nikaifuta. Hata kahawa alikuwa hajanywa."

"Hukusoma hata kidogo?"

"Hata nukta. Kanuni ni kanuni, ukipata cha upande wa pili kimakosa hukisomi. Si wewe ndiye uliyenifundisha hiyo? Ile semina ya Pittsburgh, ulivaa sweta la kijani."

Nilikumbuka lile sweta. Nilikumbuka pia nilivyosimama mbele ya watu arobaini na kuwaambia kwamba heshima ya kazi yetu yote iko kwenye kufunga karatasi isiyo yako.

"Upo?" Gina akauliza.

Hapo ndipo ningesema. Maneno matano yalitosha: Gina, fungua ukurasa 2117, usome. Simu ilikuwa mkononi. Warren alikuwa anapita kwenye korido na kikombe chake.

"Nipo," nikasema. "Asante kwa kunihifadhi."

Nilinyamaza. Hakuna aliyeniziba mdomo. Woga tu, na sasa hata kusingizia kanuni siwezi.

Januari 17

Barua rasmi ya Pat imemfikia Warren: tumepokea, hatukusoma, tumefuta. Warren aliileta mezani kwangu mwenyewe.

"Miaka ishirini na sita hujawahi kukosea kiambatanisho," alisema.

"Nimechoka."

"Umechoka." Aliikunja ile barua. "Mara hii nitaamini umechoka. Mara moja, Lorraine."

Alipoondoka nilimtazama mgongo. Zamani niliona mtu mtulivu. Leo nimeona mtu anayeomba ruhusa.

Januari 29

Inchi tisa. Hakuna jipya.

Februari 8

Miaka miwili kamili tangu Verna aanguke. Nilikwenda Pfeiffer, eti kununua maziwa. Nyuma ya safu ya mikokoteni barafu imekaa kwa vilima na matuta, magumu kama mizizi, na juu yake wametupa chumvi ya kuyeyushia, kiganja kimoja cha kuonekana. Niliteleza, nikashika kioo cha gari la mtu. Hakuna aliyeniona. Ningevunjika nyonga pale, ningelala mpaka mtu atake mkokoteni.

Alikuwa anasema kweli, kwa hiyo. Nimekuwa nikimsoma kama adui kwa sababu ndivyo ninavyolipwa.

Februari 21

Theluji. Ofisini wamemnunulia mtu keki. Sikujua ni ya nani, nikala.

Machi 3

Usuluhishi umepangwa Machi 12. Warren ananitaka nibebe majalada. Wiki kumi na mbili tangu nimwambie. Doa haliangalii kalenda ya bima.

Machi 12

Mvua ya barafu. Naandika yote.

Ofisi ya msuluhishi iko orofa ya tano. Sisi na mtu wa bima tuliwekwa chumba kimoja, Pat na Verna chumba kingine, na msuluhishi angekuwa anapita katikati akibeba maneno. Saa tatu kasoro robo Warren aliniambia nikatafute kahawa. Sikwenda kwenye kahawa. Niliteremka ngazi mpaka kati ya orofa ya tatu na ya nne, penye dirisha na benchi, nikakaa. Pat angepanda lifti. Verna hapandi lifti.

Nilimsikia kabla ya kumwona: fimbo, mguu, mguu, pumzi. Alipotokea kwenye kona nilishtuka kwamba ni mfupi. Hakuna ukurasa uliosema hivyo bila sentimita. Alikuwa na koti la zambarau na kofia ya kufuma yenye manyoya ya paka.

"Sogea, mpenzi," alisema, akajitupa benchini. "Wakili wangu kapanda lifti kama mfalme. Mimi na lifti tuliachana zamani. Wewe nawe unaziogopa?"

"La. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Alinitazama vizuri. "Wewe ni wa upande upi?"

"Ule mwingine."

"Aa." Alifungua kifungo kimoja cha koti. "Basi wewe ndiye unayesoma makaratasi yangu. Pat aliniambia kuna mtu kule kazi yake ni kusoma kila kitu. Kila kitu, kweli?"

"Kila kitu."

"Hata ule mwezi wa kufunga choo?"

"Kurasa kumi na mbili."

Akacheka mpaka akakohoa, akashika ubavu, na kikohozi kile kiliniingia mwilini. "Maskini wee! Stan wangu, Mungu amrehemu, miaka thelathini na minne ya ndoa, hakunisikiliza kurasa kumi na mbili. Haya. Umenisubiri uniambie nini? Si mnakatazwa?"

"Tunakatazwa. Nitafukuzwa kazi leo au kesho."

"Basi usiseme, mwanamke!"

"Siku uliyoanguka walikupiga picha ya kifua. Kuna doa kwenye pafu lako la kulia. Waliandika upigwe tena baada ya miezi mitatu. Ripoti ilikwenda kwa daktari wako aliyekuwa ameshastaafu, na hakuna aliyekwambia. Ni ukurasa wa 2117. Wakili wako anao. Mpelekee daktari, Verna. Leo, kabla hujasaini kitu chochote huko juu."

Nilikuwa nimeiandika namba kwenye kitambaa cha karatasi. Alikipokea, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya glavu yake, kwenye kiganja. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulishika fimbo kama mtu anavyoshika reli ya ngazi.

"Doa kubwa kiasi gani?"

"Milimita tisa. Wakati ule."

"Kama dengu," alisema yule mpishi.

"Kama dengu."

Tulikaa. Mvua ilipiga dirisha. Sijui kwa nini niliongeza hili, halikuwa na maana yoyote: "Penisilini wakumbushe."

"Nitawakumbusha." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho nani aliniuliza na kungoja jibu. "Na wewe, mpenzi? Una mtu?"

Nilitikisa kichwa. Alinipiga piga gotini mara mbili, akasimama, akaendelea kupanda.

Mimi nilikwenda chumbani, nikamwambia Warren mbele ya mtu wa bima nilichofanya, maneno yale yale. Mtu wa bima aliniita jina ambalo siliandiki. Usuluhishi ulisimama saa nne.

Machi 13

Jua, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Nimemwaga unga.

Warren alinibebea boksi mwenyewe mpaka kwenye gari. Ndani mlikuwa na kikombe, sweta la ofisini na ule mmea wangu mdogo usiokufa.

"Ungenipa wiki moja zaidi," alisema.

"Nilikupa kumi na tatu."

Alitoa bahasha kwenye koti. Ndani mlikuwa na barua kwa Pat Ferrante, mistari mitatu, kuhusu ukurasa wa 2117. Tarehe yake ilikuwa Desemba 13. Haikuwa na sahihi.

"Ilikuwa kwenye droo," alisema. "Kila Ijumaa niliitoa."

Nilitaka kumchukia na nilishindwa. Nami nilishika simu Januari nikanyamaza. Yeye alishika kalamu. Nilimrudishia bahasha yake, nikafunga buti ya gari.

Machi 20

Theluji nyepesi. Sikuzungumza na mtu yeyote leo.

Machi 21

Wala leo.

Machi 27

Joanne anasema nihamie Arizona. Nilimuuliza kama angeweza kuja akae nami kidogo kwanza. Alisema wajukuu, alisema magoti. Anasema kweli yote.

Aprili 4

Theluji imeyeyuka bustanini. Chini yake nimekuta glavu yangu moja niliyoipoteza Desemba. Nimeifua, kana kwamba nyingine ninayo.

Aprili 11

Nimepeleka maombi ya kazi ofisi nne. Mji huu mdogo, kila mtu ameshasikia. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba anahitaji mtu wa kutunza siri. Bima yangu ya afya inaisha mwisho wa mwezi, na ule utumbo wangu haujapimwa mpaka leo.

Nashangaa jambo moja tu. Nilisoma kurasa 4,312 za Verna Dudek, na ule unaofuata sitausoma. Alipigwa picha au hakupigwa, doa limekua au halikukua, sina haki ya kujua. Namkosa. Nimekutana naye dakika kumi na namkosa kuliko watu niliokaa nao miaka.

Aprili 17

Simu ililia nikiwa naosha dirisha. Namba ya hapa hapa Erie, siijui.

"Ni Lorraine? Yule wa ngazini?"

Nilikaa sakafuni na kitambaa changu.

"Gina kanipa namba yako. Kasema kesi imekwisha, Pfeiffer wamelipa, na hakuna kanuni inayomkataza kutoa namba ya mwanamke asiye na kazi. Ana mdomo yule!"

"Verna. Doa?"

"Lipo. Limekua kidogo, si sana. Daktari mpya, msichana mdogo, ana hereni puani, kasema tumeliwahi pengine. Pengine, kasema. Wanataka kuingiza mrija wachukue kinyama wakakipime. Alhamisi ijayo." Nilisikia paka akilia karibu na simu. "Sasa kuna shida. Wananilaza kwa dawa, na hawataki kunifanyia kama sina..."

Alikwama. Mpishi yule aliyecheka kuhusu choo chake mbele ya mgeni alikwama hapo, nami nilijua kabisa neno linalofuata kwa sababu lilinikwama mimi Mei.

"Niliwaambia nitapanda teksi," alisema taratibu.

"Teksi haihesabiki."

"Haihesabiki. Ndiyo." Akavuta pumzi. "Nimewaza kanisani, nimewaza wale wa shuleni. Wote itabidi niwaeleze kuanzia mwanzo, na nimechoka kueleza. Wewe peke yako huhitaji kuelezwa kitu. Una gari?"

"Ninalo."

"Unichukue nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ni mapema mno?"

"Nitakuwa hapo saa kumi na mbili."

"Na wewe, mambo yako ya namna hiyo yakija," alisema, na sauti yake ikawa kavu, "nina leseni bado. Nyonga imepona. Usimwambie Pat."

Aprili 24

Mvua nyepesi, barabara safi. Naandika kwenye chumba cha kungojea, koti la zambarau likiwa mapajani kwangu, lina manyoya. Wamenipa fomu. Nimetia sahihi penye mstari, nikaandika namba ya simu, na penye uhusiano na mgonjwa nilisita kidogo, kisha nikaandika: rafiki.

Orodha ya tarehe, mstari wa leo: Saa moja kasorobo asubuhi. Mgonjwa amefika. Ana mtu wa kumrudisha nyumbani.